Mlango Unaotazama kwa Mkwe

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni ile ambayo baba mkwe wangu, kule Zagayu, alihamisha lango la zizi lake kwa ajili yangu, bila kunitazama usoni na bila kunisemesha neno. Nitakusimulia, mwanangu, lakini nivumilie kidogo. Nina hasira, na mtu mwenye hasira haanzi kisa mahali pake. Hasira yenyewe ni juu ya nyumba ya uani.

Ninyi vijana mna jambo moja jema, nami sitalificha. Mkipata kiwanja mjini mkasimamisha nyumba yenu pale mbele, hamtulii. Mnakitazama kile kipande cha nyuma kilichobaki, penye kamba ya kuanikia nguo na mpapai mmoja, mnasema hapa tumjengee mama. Mungu awazidishie moyo huo. Halafu mnamwita fundi. Mnasimama naye uani mikono kiunoni, mnaongea bati, mnaongea marumaru, mnaongea madirisha ya aluminiamu na jipsam ya kwenye dari. Mama mwenyewe mnampigia simu nyumba ikishapakwa rangi. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na ninyi.

Kabula ni binti yangu wa mwisho. Ameolewa na Yusufu, mwenye duka la vifaa vya pikipiki hapa mjini Bariadi. Kwao Yusufu ni Lamadi, ukoo wa wauza samaki, watu waliochanganya makabila mpaka wenyewe wameacha kuulizana. Ni mtu mwema. Naomba ulishike hilo tangu mwanzo, maana nitamsema sana. Sijawahi kusikia amempandishia binti yangu sauti, na kila akienda kwao harudi bila sato wa mama mkwe.

Tatizo la Yusufu ni kwamba kwao mama mkwe ni mama tu. Wanakula naye sinia moja, wanataniana naye, wanamshika mkono wakimsalimu. Kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe. Mkwilima wangu, yaani mume wa binti yangu, akipita njia hii, mimi napita ile. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, na mambo ya kuoga na ya chooni ndiyo kabisa hayatajwi kati yetu. Wala si chuki, mwanangu. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo inataka nafasi. Ndiyo maana kaya za wazee wetu zilikuwa pana.

Baba yake Kabula alipofariki nilibaki Zagayu peke yangu. Macho yamepungua nguvu, na ukuta wa nyumba upande wa jikoni ulikuwa umepasuka kiasi kwamba kuku waliingilia humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, najua, lakini nguvu ya kuziba ilikuwa haipo. Siku moja nikaanguka nikitoka kisimani, nikalala njiani na ndoo yangu hadi jirani aliponikuta. Kabula alipopata habari alilia kwenye simu mpaka nikashindwa kumsikia. Yusufu akaichukua ile simu akasema, "Mama, naanza kukujengea hapa uani kwangu. Tafadhali usinikatalie."

Kukaa kwa mkwe si jambo la kujivunia kwetu, lakini wanangu wa kiume wako mbali, na wao wenyewe wamepanga vyumba. Halafu yule mkwilima alikuwa ameniomba kwa upole. Nikasema haya, jengeni.

Walipokuja kunichukua nyumba ilikuwa tayari. Nilishuka kwenye gari, nikazungushwa nyumba kubwa hadi uani, nikaonyeshwa. Ilikuwa nyumba kweli. Chumba, sebule ndogo, bati la rangi, kitanda kimetandikwa shuka jipya. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikafungua nikaingia ndani, nikaona ndani ni kuzuri, nikashukuru mpaka machozi. Kisha nikageuka ili nitoke nje, ndipo nikauona huo mlango. Mimi nasema wahenga hao hawakuwahi kujengewa na Yusufu.

Mlango wangu ulitazamana na kibaraza cha nyuma cha nyumba kubwa, uso kwa uso. Kwenye kibaraza kulikuwa na kiti cha Yusufu, kile cha plastiki chenye mikono, ambacho ndicho anachokalia asubuhi akipiga mswaki, mchana akirudi kula, na jioni akizungumza na simu yake. Choo nilikiona kule kwenye kona, karibu na geti. Na kati ya mlango wangu na hicho choo palikuwa na njia moja tu, wameisakafia vizuri kwa saruji, inapita mbele ya magoti ya mkwe wangu.

"Kabula," nikamwita pembeni. "Choo mbona kiko kule?"

"Tulitaka kukiweka ndani, mama, ila tukasema wewe umezoea cha nje. Cha ndani kingekusumbua."

"Nani aliwaambia?"

"Tulifikiria tu."

Walifikiria tu. Mwanangu, neno hilo limebomoa nyumba nyingi kuliko mchwa. Simu walikuwa nayo, namba yangu walikuwa nayo, salamu walikuwa wananitumia kila Jumapili. Kuniuliza mama unapenda choo kiwe wapi ndiko kulikowashinda.

Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango, na Yusufu huyo hapo. Bukta, singlendi, mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni. Akasimama kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Nikavuta kanga nikafunika uso, nikarudi ndani nikafunga mlango. Nikakaa kitandani nikisubiri amalize. Alipomaliza mswaki akaletewa chai. Alipomaliza chai akapigiwa simu. Mtu mwema, nimekwambia, lakini ana maneno mengi kwenye simu kuliko mnada wa ng'ombe.

Siku nyingine nilimsikia ameingia ndani, nikasema sasa nafasi imepatikana. Nikatoka mbiombio na kopo langu la maji. Kumbe hakuingia ndani. Nilifika kwenye mlango wa choo, ukafunguliwa, akatoka yeye na kopo lake. Tukasimama hapo, mkwe na mkwe, kila mmoja na kopo. Yeye akatabasamu, akanishikia mlango nipite. Sikupita. Niligeuka nikarudi, na maji yakamwagika njia nzima, na aibu ile naisikia mpaka leo masikioni inavyowaka.

Nilimwambia Kabula, tena si mara moja. Kwa kuwa mambo hayo hayasemwi waziwazi, nilianza mbali. Nikasema, "Uani hapa pana watu asubuhi."

"Ni Yusufu tu, mama."

"Ndiyo huyo ninayemsema."

"Yusufu hana shida, mama. Hayo ni mambo ya zamani."

Sikusema Yusufu ana shida. Mwenye shida nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama mbele ya Kabula nimebana miguu. Huyo ni mtoto niliyemlea mwenyewe, aliyemsikia babu yake akinikoholea njiani, akaniona nikipisha. Kaja mjini, kasahau yote, na kumbe alilokumbuka ni kwamba mama yake anapenda choo cha nje.

Basi nikatafuta dawa yangu mwenyewe, na dawa ilikuwa kutokunywa. Asiyekunywa haendi. Nikaanza kuacha chai ya asubuhi, nikisema tumbo halitaki. Mchana nikala ugali na mboga nikalamba midomo. Unalijua joto la hapa Bariadi mvua zikichelewa, jinsi bati linavyolia na ulimi unavyonata. Nilisubiri Yusufu aende dukani, nikaenda haja, nikarudi, nikanywa funda moja, nikasubiri tena. Na Ijumaa, akitoka msikitini, alikuwa harudi dukani mapema. Ijumaa niliichukia, Mungu anisamehe.

Na yeye, kwa wema wake uleule, akaona mama hanywi. Akaleta machungwa. Akaleta juisi ya embe. Mwishowe akabeba katoni zima la maji ya chupa, akaliweka mwenyewe mlangoni kwangu, akasema, "Mama, haya ni safi, kunywa usiogope." Kadiri alivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kuteseka. Nililitazama katoni lile kila siku, nikameza mate, na mate yenyewe yalikuwa machache.

Mwisho nikaumwa. Homa, kiuno kinakatika, mkojo unachoma. Wakanipeleka hospitali, wote wawili, Yusufu kafunga duka kabisa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akasoma vipimo, akanitazama, akaniuliza, "Bibi, unakunywa maji ya kutosha?"

"Nakunywa," nikasema.

"Nampelekea mwenyewe, daktari," Yusufu akadakia. "Maji ya chupa, tena katoni kwa katoni."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ningesema nini, naye amesimama pale? Daktari akasema nikiendelea hivi figo zitaharibika, na zikiharibika hazirudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua neno hilo tangu nikiwa msichana, na bado nilirudi nyumbani nikameza vidonge kwa tone la maji.

Baada ya dawa kwisha nikakata shauri. Nikamwambia Kabula narudi Zagayu. Kule ukuta una ufa na kisima kiko mbali, lakini kichaka ni cha kwangu. Kabula akaketi sakafuni, juu ya marumaru yake, akalia. Akasema nitaanguka tena kisimani, na safari hii jirani asiponikuta je. Alikuwa anasema kweli, nami nilijua. Nilikuwa nachagua tu mahali pa kufia, njiani kule au kitandani hapa kwa kukosa maji, na mpaka hapo hakuna aliyefahamu kwa nini.

Yusufu alisimama mlangoni. Huo mlango. Akasema, "Mama, kama nimekukosea niambie. Watu watasema nimekufukuza."

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi. Sikufanya lolote kati ya hayo, maana mkwe haguswi na mkwe haambiwi. Akaondoka akaenda kukaa kwenye kiti chake kibarazani, kichwa kimeinama, wala simu hakuigusa. Nikamwona yule kijana mzima anakaribia kulia kwa sababu ya choo ambacho hakuna awezaye kukitaja. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba mkwe wangu.

Mwanangu, mimi nilikuwa bibi harusi mpya Zagayu nilipofikwa na mambo hayahaya. Mume wangu alikuwa kijana mwenye haraka. Alitujengea nyumba yetu ya udongo ndani ya kaya ya baba yake, nyuma ya nyumba ya wazee, kama Yusufu alivyonijengea mimi. Mlango akauelekeza kwenye lango la zizi, kwa kuwa alitaka akiamka aone ng'ombe kwanza. Hapo kwenye lango ndipo baba mkwe alipokaa kila asubuhi kwenye kigoda chake, akitazama mifugo inavyoamka. Na njia ya kwenda kuoga, kwenye ua wa mabua nje ya uzio wa minyaa, ilipita hapohapo alipoketi.

Basi nikawa sitoki. Nilisubiri ng'ombe waende machungani na mzee aondoke, ndipo nitoke nikikimbia. Nilipomwambia mume wangu alisema, "Baba hana neno." Unasikia? Kabula hakuokota jibu lake barabarani. Alilirithi kwa baba yake.

Lakini mzee alikuwa na macho. Aliona mke wa mwanawe anatoka mbio kila siku jua likiwa limepanda, na hakuhitaji kuelezwa. Asubuhi moja akamwita mume wangu zizini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimebana kama kawaida, na mzee alijua nipo. Hakunitaja. Hakumtazama hata huyo mwanawe. Aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe jike mzee, akaanza kusema na ng'ombe, kwa sauti ya kufika mlangoni kwangu.

"Wewe umezaa humu, utanijibu," akamwambia yule ng'ombe. "Mtu akileta mke wa watu, akamfungulia mlango machoni pa baba yake, huyo amejenga nyumba au ametega mtego?"

Ng'ombe akapeperusha masikio. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Anasema baba hana neno," mzee akaendelea. "Baba ana neno. Baba ndiye aliyekaa njiani."

Kisha akachukua shoka. Akakata mwanya kwenye boma la miiba upande wa pili kabisa, akaliziba lango la zamani kwa miiba ileile, akahamishia kigoda chake kule. Mume wangu alipopata sauti akasema, "Baba, si ningegeuza tu mlango wa nyumba yangu?"

"Utaugeuza siku ukijua kujenga. Leo kuna mtu anataka kutoka."

Ng'ombe walikataa lango jipya. Kila asubuhi walirudi kwenye lile la zamani, wakasukuma miiba kwa vichwa, wakalia, na mume wangu na ndugu zake wakapata kazi ya kuwazungusha. Majirani walicheka. Mmoja akamwambia mzee kwamba anaitesa mifugo kwa ajili ya msichana. Mzee akamjibu, "Ng'ombe watazoea. Mwenye kubana haja hazoei." Na tangu hapo kila alipotaka kukatiza upande wetu alikohoa kwanza akiwa mbali, nikapata nafasi ya kupisha. Nilikaa naye miaka mingi, sijawahi kumwona akinishtukiza. Alipokufa nililia kuliko binti zake.

Hiyo ndiyo habari niliyoikumbuka nikiwa nimekaa mlangoni na mizigo yangu. Kabula alikuwa nyuma yangu anakunja nguo huku anavuta kamasi. Yusufu yuko kwenye kiti. Uani hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na kuku mmoja wa Kabula, mwekundu, mnene, anachakura chini ya mpapai. Nikasema haya, huyuhuyu.

"Wewe kuku," nikamwita. "Sogea nikwambie neno."

"Mama, unasema na nani?" Kabula akauliza. Alidhani homa imerudi.

"Nasema na kuku. Wewe kunja nguo."

Nikamsimulia yule kuku. Nikamwambia habari ya kijana aliyejenga kwa haraka, na mlango uliotazama zizi, na mzee aliyekaa njiani bila kujua kuwa amekaa njiani, kisha akahamisha lango na kuanza kukohoa kila kabla ya kupita. Nikamwambia habari ya msichana aliyekuwa hatoki ndani. Nikasema, "Na leo kuku wangu, msichana yule amezeeka, na bado hatoki. Tena siku hizi hata maji hanywi, maana anayekunywa hutafuta njia, na njia ina mwenyewe. Wewe una bahati. Wewe unakwenda popote."

Nyuma yangu mikono ya Kabula ilisimama. Kibarazani simu ya Yusufu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Kuku akaendelea kuchakura. Nilipomaliza, Yusufu akainuka taratibu, akaingia ndani, na jioni ile yote hakutoka tena. Wahenga husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Nililala sijui kama nimemfumbia mwerevu au nimepoteza sauti yangu bure kwa kuku.

Asubuhi nikafungua mlango. Kiti hakikuwapo. Mswaki haukuwapo, povu halikuwapo. Alikuwapo fundi, amesimama katikati ya uani na nyundo yake, na Kabula kando yake macho yamevimba.

"Shikamoo mama," fundi akasema. "Mwenye nyumba kaniambia nisianze mpaka nikuulize. Mlango unataka utazame wapi?"

Mwanangu, nyumba ile ilikuwa na msingi, kuta, kenchi, bati, dari na rangi, na katika kazi yote hiyo hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Upande wa nyuma, ule unaotazama uzio. Akauliza, na choo? Ndani, nikasema, palepale pembeni ya chumba, na aliyesema napenda cha nje nisimsikie tena. Fundi akaniambia zimebaki bloku za kutosha, na kwenye uzio ataweza kufungua kageti kadogo ka kutokea kichochoro cha nyuma. Nikamwambia akafungue.

Usifikiri hasira ziliisha hapo. Walibomoa ukuta uliokuwa haujapata hata mwaka. Vumbi likaingia kwenye shuka, kwenye sufuria, kwenye meno. Rangi nzuri yote ikachubuka, na mahali palipokuwa na mlango leo pana kiraka ambacho fundi amekipaka mara kadhaa na bado kinaonekana. Kazi iliyotaka swali moja ikafanywa mara mbili. Kila nikikitazama kile kiraka damu inanichemka.

Kabula alikuja akaketi kwenye mfuko wa saruji karibu yangu. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia ni mambo ya zamani."

"Ungesema zaidi. Ungesema unaumia."

Hapo alinipata, sikatai. Nami nilichelewa kuwatafutia kuku wa kuwaambia. Lakini nilimwambia hivi: anayejua mila ni wewe, Yusufu hazijui. Yeye katoka Lamadi, amenifanyia kila alichofundishwa na kwao. Wewe ndiwe ulikuwa daraja kati yetu, na daraja ukalala. Akalia, nikamwacha alie kidogo, kisha nikamwambia aniletee maji ya kunywa. Akaniletea kopo zima, akasimama kunitazama mpaka nikalimaliza.

Sasa nakaa vizuri. Naingia na kutoka kwa kageti kangu, nina choo changu, hata mchicha nimepanda kule nyuma. Yusufu simwoni ila kwa mbali. Samaki wa Lamadi bado wanakuja, wanapitia kwa Kabula. Lakini kuna jambo moja jipya, na hilo nalo linanichosha.

Yusufu amejifunza kukohoa. Alilisikia kwenye ile habari ya kuku, akalishika. Sasa akifika getini anakohoa. Akifika kwenye kona anakohoa. Akitaka kwenda kuangalia tangi la maji, ambalo liko upande wangu, anakohoa kuanzia sebuleni, kikohozi cha kutingisha madirisha. Jirani mmoja amemletea asali na limao. Mwingine amemshauri kwa upole aende kupima kifua. Anawashukuru wote, hawaambii kitu, na kesho yake anakohoa tena. Ningependa kumfundisha kwamba kikohozi cha adabu ni kimoja, chepesi, kisha unasubiri. Lakini nitamfundishaje? Mkwe haambiwi. Itabidi nimtafute tena yule kuku.

Sasa sikia ninalokuusia, mwanangu, wewe unayepima kipande chako cha nyuma kwa hatua. Kabla hujamwita fundi, mwite atakayekaa humo. Mfikishe hapo uani, msimamishe kwenye majani na mpapai wako, umwambie: mama, asubuhi ukiamka utapita wapi? Mwache atembee. Tazama anageukia wapi na anakwepa nini, maana mengine hataweza kuyasema kwa mdomo. Kuuliza si ujinga, na wema usiouliza unaweza kumuua mtu akiwa amelala kwenye shuka jipya. Kama umeoa au umeolewa nje ya kwenu, basi uliza mara mbili, mwambie mwenzio mila za wazazi wako kabla hajamwaga zege. Usimwambie hana shida. Na ukiwa wewe ndiwe mzee unayejengewa, usijikaushe kwa aibu kama mimi. Kama mtu haambiwi, mwambie kuku.

Na ukikuta umeshakosea, fanya kama baba mkwe wangu, fanya kama Yusufu. Usikae kutetea ukuta. Vunja, hamisha lango, mifugo itazoea.

Hicho nakisikia kikohozi getini. Karudi kula mchana. Sina haja ya kukimbia wala kufunga mlango, chai yangu iko mezani na kikombe nimekijaza hadi juu. Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe kiwanja kisicho na ugomvi, akupe nguvu ya kusimamisha nyumba mbili juu yake, akupe wakwe wenye adabu na kifua kizima. Na siku ile watoto wako watakaposimama uani na fundi wao, mikono kiunoni, wakitaka kukujengea wewe, wakukumbuke ukingali hai, wakuite, wakuulize kwanza mlango utazame wapi.